Tanzia Iliyofungwa kwa Uzi

Miaka thelathini na minne nilipanga herufi za risasi
katika gazeti la Taji, Mtaa wa Wachonga Mihuri,
nyuma ya soko la samaki, jijini Velmirad,
mji wa madaraja tisa na Kaisari mmoja.

Herufi zetu zilichakaa kwa zamu.
Ya kwanza kwisha ilikuwa K kubwa,
maana kila habari ilipita kwake kwanza:
Kaisari amekohoa. Kaisari amepoa.
Kaisari amependezwa na mvua.
Mwaka ngano ilipokauka tuliagiza K mpya mia mbili,
na mkate ukapata ukurasa wa nne,
chini ya tangazo la vitana.

Wauza samaki walitupenda kuliko magazeti mengine.
Wino wetu haukuhamia kwenye nyama.

Mhariri, Bwana Aurel Tomashik, hakuwa mwongo.
Nawaambia hivyo wanangu, nao wanacheka.
Simu ya kasri ikilia alivua kofia kabla ya kuipokea,
akasimama wima, tumbo ndani,
kama kwamba waya una macho.
"Njia ya mwongo ni fupi," alizoea kusema;
yake aliiona ndefu, imenyooka,
akaridhika.

Droo ya chini, kulia kwa jiko la makaa,
ndimo ilimolala tanzia.
Safu tano, zimepangwa tayari,
zimefungwa kwa uzi wa katani zisimwagike.
Aliyeitunga alikufa kabla ya anayeliliwa;
yeye tulimpa mistari miwili.
Kila Machi, sikukuu ya kuzaliwa Kaisari,
wenzangu wakigombea mvinyo wa bure,
mimi nilifungua uzi, nikatoa tarakimu, nikatia nyingine.
Sabini na moja.
Sabini na mbili.
Nikafunga.
Daktari wake alimshika mkono;
umri wake niliushika mimi.

Kisha usiku ule wa theluji ya kwanza.
Binti yangu Ilka, mshika ishara za reli,
alikuja mbio, shali imeganda:
treni imepita bila taa, mabehewa saba,
sita ya masanduku.
Tomashik akavua kofia, akapiga simu kasri.
Ikaita.
Ikaita.
Alisimama vile, kipara kikimeremeta,
mpaka jiko likazimika.
Hatimaye akasema, taratibu, kama anayesoma ukutani:
"Kaisari amekwenda milimani kupunga hewa."
"Katika theluji hii, bwana?"
"Panga."
Nikapanga. K ile ilikuwa mpya, ilikata kidole.

Asubuhi hatukuwahi kuuza vile.
Foleni ilizunguka soko, ikafika darajani.
Watu walisoma mstari ule kwa sauti,
wakaegemeana kwa kicheko, wakanunua nakala ya pili
wampelekee jirani.
Tomashik aliwatazama dirishani, machozi yakimlenga.
"Unaona?" akaniambia. "Bado wanampenda."
Nilijifanya natafuta koma.

Ijumaa wakaja vijana wenye vitambaa mikononi,
wapole tu, mmoja aliwahi kutuuzia makaa.
Walihesabu mashine, wakapima risasi kwa ratili.
Wengine wanasema waliyeyusha K zetu zote wakatoa mabomba ya maji.
Huenda. Maji ya bomba sasa yanafika hata kwetu,
nami nayanywa.
Nilichoomba mimi ni ile droo.
"Ina nini?" "Maiti," nikasema. Wakadhani nimezeeka.

Iko uvunguni mwa kitanda changu.
Habari zake hazijafika.
Husemwa yuko nchi ya visiwa vya baridi, anafuga nyuki;
husemwa amesahau jina lake ila hulijibu akiitwa.
Tomashik tulimzika wakati wa masika,
na gazeti la kumtangaza halikuwepo.

Machi hii nimefungua uzi tena.
Themanini na nane: nikaitoa ile nane.
Nikatafuta tisa, sikuipata, imepotea labda wakati wa kuhama.
Nikachukua sita,
nikaigeuza kichwa chini.
Ikakaa.